Mama anasema haumwi, karatasi ya maabara inasema ana UTI sugu

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia kutoka Tanga. Mama yetu ana miaka 78, ana kisukari cha siku nyingi na presha. Kwa sukari anatumia metformini na glibenklamidi, kwa presha anatumia losartani. Anaishi nami hapa nyumbani. Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam, na kwa kuwa ndiye anayetoa hela za matibabu, kauli ya mwisho huwa yake.

Tangu mwaka jana mama amekuwa mtu wa UTI. Mara ya kwanza alikuwa na dalili kabisa: mkojo unamchoma, chooni anakwenda kila mara, tumbo la chini linamuuma. Akapewa dawa akapona. Tangu hapo, tukimpeleka hospitali kwa jambo lolote, iwe uchovu, iwe kizunguzungu au kukosa hamu ya kula, wanapima mkojo na jibu ni lile lile. Amekunywa sipro (siprofloksasini), amekunywa amoksisilini ile yenye klavulanati, amechomwa sindano za seftriaksoni zaidi ya mara moja. Wakati mwingine kaka hutuma hela tu, tukanunua dawa duka la mtaani bila kipimo.

Mwezi uliopita aliamka asubuhi amechanganyikiwa. Aliniita jina la dada yake, ambaye ni marehemu, akaniuliza kama mahindi yameshavunwa, na shamba lenyewe tulishaliuza zamani. Alikuwa katikati ya dozi ya sipro, usiku wake alikuwa amelala bila kula. Homa hakuwa nayo. Tulimlazimisha uji na chai ya sukari, kufika mchana akawa anaongea vizuri. Hospitali tukaambiwa ni UTI imepanda kichwani. Daktari mwingine akasema mkojo uoteshwe maabara, ionekane ni bakteria gani na dawa ipi inawaua. Majibu yamekuja: bakteria aitwaye E. coli, zaidi ya 100,000 kwa mililita, ESBL chanya. Kuna herufi R, yaani dawa haimuui, kwenye seftriaksoni, siprofloksasini, ko-trimoksazoli na amoksisilini-klavulanati. Kuna S, yaani dawa inamuua, kwenye nitrofurantoini, amikasini na meropenemu.

Sasa tunaambiwa alazwe apate meropenemu ya mshipa kwa siku 7. Kaka yuko tayari kukopa. Dada yetu anasema dawa za hospitali ndizo zilizomharibu mama, tumpe maji ya mlonge. Mama mwenyewe anatushangaa, anasema, “Mimi siumwi.” Na kweli, leo mkojo haumchomi, hana homa, anakula, anaswali swala zake zote. Ila mkojo ni wa njano iliyokolea na unanuka. Maji anakunywa kidogo mno, hasa kuanzia alasiri, maana choo kiko uani na anaogopa kutoka usiku.

Mimi ndiye ninayemwogesha, na mwanangu wa mwaka mmoja hulala na bibi yake. Je, mdudu huyu anaambukiza? Tumlaze mama au tusubiri?

Binti wa Mwisho, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Mwambie kaka asikope kwanza. Sijamwona mama yenu, na daktari aliyemwona ana mambo anayoyajua ambayo mimi siyajui, lakini kwa ulivyoyaeleza, sioni sababu ya kumlaza mama ambaye hana homa, mkojo haumchomi, anakula na kuswali. Mnataka kutibu karatasi.

Bakteria kuwepo kwenye mkojo ni jambo moja, kuugua kwa sababu yao ni jambo jingine. Kwa wanawake wazee, bakteria hukaa kwenye kibofu bila kumdhuru mwenye kibofu, na wenye kisukari huwa nao zaidi. Katika nyumba za kutunzia wazee huko Ulaya na Marekani, kati ya asilimia 25 na 50 ya akina mama ukiotesha mkojo wao utakuta bakteria, na hawaumwi chochote. Mwenye mrija wa mkojo uliokaa mwezi mzima, karibu lazima uwakute. Utafiti umerudiwa sana juu ya hili: ukiwapa watu hao antibiotiki, hawaishi muda mrefu zaidi wala UTI haziwapungui mbele ya safari. Wanachopata ni kuhara, madhara ya dawa, na bakteria sugu zaidi ya wale wa mwanzo. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2019, unasema watu wa aina hii wasipimwe wala wasitibiwe. Wanaobaki nje ya kanuni hiyo ni wachache, hasa wajawazito na mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Mama yenu hayumo.

Utaniuliza, “Lakini hawa ni sugu!” Ni sugu kwa dawa. Haina maana kwamba ni wakali zaidi kwa mwili. E. coli wa ESBL akitulia kibofuni bila kuleta dalili, anaachwa kama anavyoachwa E. coli mwingine yeyote. Tofauti inakuja siku akileta ugonjwa wa kweli, kwa sababu siku hiyo nusu ya kabati la dawa limeshafungwa.

Na limefungwaje? Dada yako ana nusu ya ukweli. E. coli makazi yake ni utumbo, sote tunaye. Antibiotiki unayomeza haiendi kibofuni peke yake, na seftriaksoni hata ukiichoma kwenye mshipa, sehemu yake isiyo ndogo hutoka na nyongo na kushukia matumboni. Huko inaua bakteria wanyonge na kuwaachia nafasi wale wenye kimeng'enya cha kuivunja. ESBL ndilo kundi la vimeng'enya hivyo, vinavyovunja penisilini na dawa jamaa ya seftriaksoni. Kibaya zaidi, maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho hubebwa kwenye kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, na mara nyingi kipande hicho hicho kimebeba na usugu wa dawa nyingine. Kwa hiyo mtu anakunywa dawa moja, anajikuta na R za dawa ambazo hakuwahi hata kuzionja. Halafu bakteria hao wanatoka haja kubwa, wanasogea mbele, na safari ya kuingia kwenye njia ya mkojo wa mwanamke ni fupi sana.

Hapo dada yako yuko sahihi: dozi zile za ovyo zimechangia. Ila mlonge haujathibitishwa kutibu UTI. Kama mboga, pikeni tu, ni chakula kizuri. Msiutegemee siku mama akipandisha homa.

Sasa nije kwenye sehemu ya barua yako iliyonisimamisha. Asubuhi ile mama alipochanganyikiwa, kuna mtu alimpima sukari?

Nauliza kwa sababu glibenklamidi hushusha sukari, kwa wazee huishusha sana na kwa muda mrefu, hasa figo zikiwa zimechoka. Siprofloksasini inajulikana kuongeza mshuko huo kwa mtu anayetumia dawa za aina hiyo. Mama alikuwa anatumia zote mbili, na alilala bila kula. Asubuhi kachanganyikiwa, akanyweshwa uji na chai ya sukari, mchana akawa sawa. UTI haiponi kwa chai, mwanangu. Siwezi kuapa, lakini nashuku kwamba hatari kubwa iliyompita mama yenu mwaka huu ilikuwa sukari kushuka, ikaandikwa UTI, na dawa iliyochangia ikaonekana ndiyo tiba. Isitoshe, siprofloksasini yenyewe huweza kumvuruga mzee akili, na kuharibu kano za miguu, hasa ile ya kisigino.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya jambo jingine, rudini kliniki ya kisukari mkaulize kama glibenklamidi inaweza kubadilishwa. Miongozo mingi ya dawa za wazee inashauri iepukwe. Msiikatize wenyewe nyumbani bila mpango, lakini msisubiri tarehe ya kliniki ijayo kama iko mbali, na katika siku hizi asiimeze kisha akalala njaa. Sehemu ya hela ambayo kaka alitaka kukopa, anunue kipima sukari na vijiti vyake. Mama akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, kutoka jasho au kutetemeka, pimeni hapo hapo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpeni kitu chenye sukari kama anaweza kumeza, kisha mwende hospitali hata akiamka vizuri, kwa sababu dawa ile huweza kuishusha tena baada ya saa kadhaa. Kama hawezi kumeza, msimwage kitu mdomoni, kimbieni naye.

Hii habari ya “UTI imepanda kichwani” imewapotezea wazee wengi wakati. Mzee akichanganyikiwa ghafla, sababu zinaweza kuwa sukari, kukaukiwa maji, choo kigumu cha siku nyingi, malaria, nimonia, dawa mpya, kiharusi, na ndiyo, wakati mwingine maambukizi ya mkojo yaliyoingia kwenye damu. Kuona chembe za usaha kwenye mkojo wa mama wa miaka 78 kunathibitisha machache sana, kwa sababu siku yoyote ungempima unaweza kuzikuta. Kipimo cha mkojo cha kijiti kwa wazee kinasaidia zaidi kikiwa hasi, maana kinakuelekeza utafute tatizo kwingine. Kwetu tumefika mahali mtu haoni haya kusema “nina UTI yangu ya kawaida”. Kila homa, kila kiuno kinachouma, kila uchovu ni UTI, na anayeambiwa hana UTI anaona daktari hakumpima vizuri!

Rangi na harufu nazo zisiwatie wasiwasi peke yake. Mkojo wa njano iliyokolea na wenye harufu ni mkojo wa mtu asiyekunywa maji, na sababu umeshaniambia: choo kiko uani. Hili ndilo ningelishughulikia kabla ya dawa yoyote. Mtafutieni kiti cha choo cha kuwekwa chumbani, au hata ndoo imara yenye mfuniko iliyowekewa kiti kilichotobolewa na fundi seremala, na taa ndogo karibu. Awe na glasi yake asubuhi, nyingine kila mlo, nyingine kati ya milo, kisha apunguze baada ya magharibi ili alale. Isipokuwa kama daktari amewahi kumwambia apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo. Hapo mfuateni yeye.

Kuna mengine mawili ambayo huenda hakuna aliyewaambia. Kisukari cha muda mrefu hulegeza kibofu, mtu akakojoa na kubakiza mkojo bila kujua, na mkojo unaobaki ndio unaolea bakteria. Ultrasound ya kibofu kabla na baada ya kukojoa inaonyesha, na si kipimo cha gharama ya kutisha. La pili linahusu ukeni, na najua binti kulisema mbele ya mama ni kazi. Baada ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupungua, ngozi ya huko huwa kavu na nyembamba, na bakteria walinzi hutoweka. Krimu ya estrojeni inayopakwa ukeni hupunguza UTI zinazojirudia kwa akina mama wa umri huu, na ushahidi wake ni mzuri. Muulizeni daktari wa magonjwa ya wanawake. Na kama kuna anayemwogesha kwa sabuni kali au dawa ya maji hadi ndani, aache. Maji safi kwa nje yanatosha, kupangusa kuwe kutoka mbele kwenda nyuma.

Je, siku UTI ya kweli ikirudi? Utaijua kama ulivyoijua mara ya kwanza: mkojo unachoma upya, anabanwa kila saa, tumbo la chini linauma, pengine na damu. Hapo mkojo uoteshwe kabla ya dawa kuanza. Chupa iwe safi ya maabara, akojoe kidogo chooni kwanza, kisha akinge wa katikati, na ufike maabara ndani ya saa 2. Ukikaa kwenye mkoba tangu asubuhi hadi adhuhuri, bakteria wawili watatu wa ngozi watakuwa wamezaliana na kuwapa UTI ya maabara.

Na hebu itazame tena karatasi yenu. Sindano mliyoiamini ina R. Kidonge cha nitrofurantoini, dawa ya zamani kabisa na ya bei nafuu, kina S. Watu wetu wanaamini sindano ina nguvu kuliko kidonge na dawa ya gharama ina nguvu kuliko ya bei rahisi. Bakteria hajui bei. Kwa UTI iliyoishia kibofuni, nitrofurantoini ya siku 5 huwa inatosha, hata kwa ESBL. Lakini dawa hii hufanya kazi kwa kujikusanya kwenye mkojo, na figo zikiwa dhaifu haifiki huko ipasavyo na madhara yanaongezeka. Kwa mwenye kisukari wa miaka 78, kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ni cha lazima kwanza. Kifanyeni sasa mama akiwa mzima, jibu mkae nalo. Mkiambiwa figo haziruhusu, daktari atachagua nyingine. Ko-trimoksazoli, ambayo wengi mnaiita Septrin, hata ingekuwa na S ningeiogopa kwake, maana pamoja na losartani hupandisha potasiamu kwenye damu, na hiyo hugusa moyo.

Meropenemu si dawa mbaya, nisieleweke vibaya. Mama akipata homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, kutapika, nitrofurantoini haitamfaa, kwa sababu maambukizi yameshafika kwenye figo au damu. Hapo alazwe, na meropenemu kutoka siku ya kwanza itakuwa chaguo la haki. Naogopa kuitumia leo bila ugonjwa kwa sababu bakteria wa kuivunja nao wapo, Shirika la Afya Duniani limewaweka kwenye kundi la hatari ya juu kabisa, na dawa zinazobaki baada ya hapo ni chache, ghali, na kwa hospitali zetu nyingi hazipatikani. Mwaka 2019 pekee, makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet ni kwamba usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa uwiano wa watu wake.

Kuhusu mwanao: mwache alale na bibi yake. Bakteria huyu haruki hewani wala haambukizwi kwa kupakatwa. Husafiri kutoka kwenye haja kubwa, kupitia mikono, hadi mdomoni. Ukishamwogesha mama au kumbadilisha, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kushika chakula au mtoto. Mtoto mwenye afya hahitaji kupimwa wala dawa ya kinga. Na tafadhali msimtengee bibi vyombo.

Kwa daktari aliyeshauri alazwe, rudini kwa heshima mkamuulize: “Daktari, mama leo hana homa na mkojo haumchomi. Tunatibu ugonjwa, au bakteria waliopo tu?” Daktari mzuri hataudhika. Akiwa ameona kitu ambacho hukuniandikia, kwa mfano homa aliyoipima mwenyewe, au kuna upasuaji wa njia ya mkojo unaopangwa, msikilizeni yeye na si mimi. Asipokuwa na sababu hiyo, ombeni mama abaki nyumbani afuatiliwe. Na siku akitibiwa akapona, msirudishe mkojo maabara “kuhakikisha wameisha”. Kupima mkojo bila dalili zake ndiko kulikoanzisha mzunguko wenu.

Piga picha ile karatasi, uitume kwa kaka na dada, nakala ikae kwenye daftari la kliniki. Usiku wowote mama akipandisha homa, akianza kupumua haraka, akalegea au akashindwa kukojoa, msingoje asubuhi. Mkifika hospitali, jambo la kwanza la kumwambia anayempokea, kabla hajaandika seftriaksoni, ni kwamba mwezi uliopita alioteshwa akakutwa na ESBL. Wazee wengine hawapandishi homa hata wakiwa mahututi, kwa hiyo ukimwona tu si yule wa jana, mpeleke.